Nyuzi za uwanja wa ndege si nyuzi za Kariakoo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo kila mwaka, kuanzia Desemba hadi Machi, huwa mazungumzo ya barazani, ya ndani ya daladala na ya foleni ya benki, kisha masika yakianza husahaulika kabisa. Nalo ni joto la Dar es Salaam. Habari zetu za joto huandikwa kwa namna mbili. Ama tunaambiwa ni kazi ya Mungu, kwa kuwa jua hutupitia utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Machi, ama tunaambiwa ni mabadiliko ya tabianchi, yaani moshi wa viwanda vya nchi tajiri. Yote mawili ni kweli na sina nia ya kuyapinga. Ninachotaka kusema ni kwamba ipo sehemu ya tatu ya joto hili, ambayo haikushushwa na mbingu wala haikuletwa na meli, kwa sababu tumeitengeneza sisi wenyewe hapa hapa kwa mwiko, kwa shoka na kwa kiberiti.

Mimi ni mchora ramani mstaafu, na maisha yangu ya kazi niliyapitisha mezani nikichora mipaka ya viwanja. Si mtaalamu wa hali ya hewa. Ila mtu aliyezoea ramani huwa na tabia ya kuuliza kipimo kimechukuliwa wapi, na swali hilo wasomaji wa utabiri hawaliulizi mara nyingi. Takwimu ya joto tunayotangaziwa kila jioni kuwa ni ya Dar es Salaam hutoka hasa kwenye kituo cha hali ya hewa kilichopo Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere. Kimewekwa huko kwa sababu nzuri. Kanuni za kimataifa zinataka kipimajoto kikae kivulini, ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu ya kupitisha hewa, juu kidogo ya majani, mbali na kuta na lami, ili takwimu za hapa ziweze kulinganishwa kwa haki na za Mombasa au za Muscat. Kwa kazi hiyo kituo hakina kosa lolote. Kosa ni letu tunapoichukua namba hiyo na kuivisha Kariakoo, Manzese na Mbagala, ambako majani hayapo, nafasi haipo, na ukuta wa jirani unaugusa kwa kunyoosha mkono dirishani.

Tofauti baina ya mji na nje ya mji imejulikana muda mrefu. Mwanzoni mwa karne ya 19 mfamasia mmoja wa London, Luke Howard, ambaye ndiye aliyeyapa mawingu majina yanayotumiwa na wataalamu hadi leo, alilinganisha vipimo vya joto vya mjini na vya mashambani, akakuta kwamba nyakati za usiku mji ulikuwa na joto zaidi kwa takriban nyuzi 2 za Selsiasi. London ya wakati huo haikuwa na gari hata moja wala kiyoyozi. Ilikuwa na mawe, matofali na mioto ya makaa ya mawe.

Naomba msomaji alishike neno usiku. Mchana jua hupiga bati, zege, tofali na lami kwa pamoja. Bati hupata moto upesi na kupoa upesi, lakini zege, tofali za saruji na lami hulimeza joto polepole, hulihifadhi, na huanza kulirudisha jua likishazama. Udongo wenye majani hufanya kazi nyingine, kwani sehemu kubwa ya nguvu ya jua inayoufikia hutumika kugeuza maji kuwa mvuke, na nguvu iliyotumika hivyo haibaki kupandisha joto la hewa. Ukishaufunika udongo huo kwa pevingi, kama tunavyofanya sasa kila uani kwa jina la usafi, mlango huo umeufunga. Kisha kuta ndefu zinazotazamana katika mtaa mwembamba hupeana joto lao usiku kucha badala ya kuliachia liende angani, mfano wa watu wawili waliolala chini ya blanketi moja. Ndiyo maana malalamiko yenye uzito katika jiji letu si ya saa 8 mchana, ambapo hata aliye Kisarawe anatoka jasho, ila ni ya saa 8 usiku, ambapo mwenzetu wa Kisarawe amejifunika shuka na sisi tunageuza mto kutafuta upande wenye ubaridi. Kwenye pwani yenye unyevunyevu kama yetu jasho halikauki haraka, na mwili usiopata usiku wa kupumzika huanza siku ukiwa na deni. Wazee, watoto wachanga na wagonjwa wa moyo ndio hulilipa kwanza.

Nitoe mfano wa nyumbani kwangu Magomeni. Nyumba yetu ni ile ya kawaida ya Kiswahili, vyumba sita na ukumbi uliopasua katikati kutoka barazani hadi uani, na kwa miaka yote ya utoto wa wanangu ilitosha kufungua mlango wa mbele na wa nyuma ili upepo wa bahari wa alasiri uingie upande mmoja na kutokea upande wa pili. Upande wa mashariki palikuwa na mwarobaini mkubwa wa jirani. Mwarobaini ulikatwa, kiwanja kikauzwa, na mahali pake likasimama jengo la ghorofa nne lililoenea hadi mpakani. Mwenye jengo simlaumu, kwa sababu alikuwa na kibali na alifuata alichotakiwa kufuata. Nimewahi kuziona fomu nyingi za maombi ya ujenzi katika kazi yangu, zikiuliza idadi ya ghorofa, matumizi ya jengo na mahali pa shimo la maji taka, na sikumbuki hata moja iliyouliza jengo litamnyima nani upepo.

Jambo hilo dogo la Magomeni ndilo lililotokea Kariakoo kwa ukubwa wa kutisha. Viwanja vya Kariakoo vilipimwa tangu enzi za Wajerumani kwa ajili ya nyumba za chini, na mitaa ikapewa upana unaotosha nyumba za kimo hicho. Upana haujaongezeka hata hatua moja, lakini majengo yamepanda hadi ghorofa kumi na zaidi, hivyo mtaa umegeuka kuwa korongo ambalo joto na moshi wa magari huingia na hushindwa kutoka. Nyumba zenyewe pia zimebadilika ndani. Dirisha la zamani la vioo vya luva lilifunguka lote; dirisha la aluminiamu la kusukuma, ambalo sasa ndilo fahari ya kila fundi, hufunguka nusu tu, kwani kioo kimoja lazima kijifiche nyuma ya kingine. Tumelipa zaidi ili kupata nusu ya upepo.

Linalonisikitisha zaidi, nikiwa mtu wa ramani, ni kwamba mji huu uliwahi kupangwa kwa kuufikiria upepo. Mpango wa mji wa mwaka 1949, ulioandaliwa na kampuni ya Kiingereza ya Sir Alexander Gibb, uliacha mikanda ya ardhi wazi, mingi ikifuata mabonde ya vijito, na ukaiita njia za upepo. Sitaki kuupamba mpango ule. Ulikuwa wa kikoloni, uligawa mji kwa kipimo cha msongamano ambacho kwa kweli kilikuwa kipimo cha rangi ya ngozi, na mikanda ile ilitumika vilevile kuwatenga Wazungu wa Oysterbay, Wahindi wa Upanga na Waafrika wa Ilala na Magomeni, kama ambavyo uwanja wa Mnazi Mmoja kabla ya hapo uliwekwa kutenganisha Uhindini na Kariakoo. Baada ya Uhuru tulikuwa na kila haki ya kuufuta ubaguzi huo. Bahati mbaya tuliufuta pamoja na upepo. Mji ambao katika sensa ya 1967 ulikuwa na watu karibu 273,000 ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 5.3 mwaka 2022, na katika kukua huko mabonde yalijazwa kidogo kidogo, hapa gereji, pale maghala, kwingine makazi ya watu waliokosa pa kwenda.

Bonde la Mto Msimbazi, linaloshuka kutoka vilima vya Pugu hadi baharini penye daraja la Salenda, ndilo kubwa kuliko yote, nalo huzungumzwa mvua zikinyesha tu. Tunayakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, na tunajua kwamba upo mradi mkubwa wa kuliendeleza bonde hilo kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Ombi langu kwa wanaousimamia ni kwamba walitazame bonde kama njia ya maji na pia kama njia ya hewa. Alasiri, nchi kavu inapopata joto kuliko bahari, hewa ya baharini huvutwa kuingia bara, na bonde pana lisilo na vizuizi ndilo hupitisha hewa hiyo hadi Kigogo na Tabata. Ardhi mpya itakayopatikana kwa kuinua kingo za mto ikipangiwa majengo marefu yaliyokingama mdomo wa bonde, tutakuwa tumeyazuia mafuriko na tumeuzuia upepo kwa fedha hizo hizo. Mji wa Stuttgart huko Ujerumani, ambao umekaa katika bakuli lililozungukwa na vilima na hauna upepo wa kutosha, uliajiri mtaalamu wa hali ya hewa katika halmashauri yake tangu mwaka 1938, na hadi leo ramani za mitiririko ya hewa baridi huwekwa mezani kabla ya kuamua mteremko upi ujengwe na upi uachwe. Sisi tuna bahari mlangoni, na kaskazi na kusi hutujia kwa zamu bila kuombwa.

Kuhusu miti nitasema machache, maana ndiyo inayohubiriwa kila siku. Kupanda miti ni jambo jema, lakini mti wa mjini una kazi, na kazi yake ya kwanza katika jiji la joto na unyevunyevu ni kivuli. Kwa nini basi nyua na kando za barabara zetu zimejaa miti ya ashoki, ambayo imenyooka kama mshumaa na haimpi kivuli hata paka, na mitende ya mapambo yenye majani machache kileleni? Mwembe, mkungu na mwarobaini huacha majani chini, ni kweli, na mtu lazima afagie. Miche inayopandwa mbele ya wageni rasmi bila mtu wa kuimwagilia kiangazi kinachofuata nisingependa hata kuihesabu. Freetown, mji wa pwani kama wetu, uliteua mwaka 2021 ofisa wa kushughulikia joto, na moja ya kazi za mwanzo ilikuwa kuwawekea wanawake wa masokoni mapaa ya kivuli juu ya meza zao. Mama anayeuza nyanya juani Buguruni hawezi kusubiri mche ukue miaka kumi.

Kiyoyozi nacho kinahitaji kusemwa, kwa kuwa wengi wetu huamini kwamba kinaua joto. Hakiliui, hulitoa chumbani na kulitupa nje, na juu yake huongeza joto la umeme kilioutumia. Pita usiku katika vichochoro vya nyuma ya majengo ya katikati ya jiji, chini ya mashine zile zilizopangwa ukutani kama masanduku ya posta, utahisi pumzi yake usoni. Mwenye uwezo anajipoza, na asiye na uwezo, anayelala chumba cha nyuma na dirisha moja, anapokea joto la wote wawili. Siwezi kumwambia mtu azime kiyoyozi chake. Nasema tu kwamba jengo lililozuia upepo na kulazimisha viyoyozi limemtoza jirani gharama isiyoandikwa popote.

Hewa chafu na joto ni ndugu wa tumbo moja, ingawa magazeti huwaandika kama watu wasiojuana. Katika miezi ya kipupwe, Juni hadi Agosti, usiku ukiwa tulivu na mbingu wazi, hewa iliyo karibu na ardhi hupoa na kulala chini ya hewa yenye joto zaidi, na tabaka hilo la juu huwa kama mfuniko wa sufuria. Moshi wa mkaa, wa taka na wa injini za alfajiri hubaki pale pale puani mpaka jua lipande na kuukoroga. Wakati wa jua kali mambo hugeuka, kwani gesi za magari na mvuke wa petroli hupikwa na mwanga wa jua kuwa ozoni, ambayo juu angani hutukinga lakini hapa chini hukwaruza mapafu. Katika mitaa iliyo kama korongo hali zote mbili huwa mbaya zaidi. Chembechembe zinazoogopwa kuliko zote ni zile zisizozidi mikroni 2.5, ambazo unywele wa mtu ni mnene kuliko hizo karibu mara 30, hivyo hupita pua na koo na kufika ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango linachoshauri, kutoka mikrogramu 10 kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa wastani wa mwaka hadi mikrogramu 5.

Haki itendeke: yapo tuliyoyafanya vizuri. Petroli yenye risasi iliondoka Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba kuanzia Januari 2015 dizeli isizidi sehemu 50 za salfa katika kila sehemu milioni. Mabasi ya mwendokasi yalianza Mei 2016 katika Barabara ya Morogoro, na jiji likatunukiwa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018. Lakini dizeli safi ndani ya injini chakavu bado hutoa moshi mweusi, na kila abiria aliyechoka kusubiri basi akapanda bodaboda anaurudisha mtaani moshi tuliodhani tumeupunguza.

Kwa upande wa taka historia yetu inafundisha jambo. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliifikisha Mahakama Kuu halmashauri ya jiji kwa sababu ya moshi na harufu ya dampo lililokuwa mtaani kwao, na Jaji Lugakingira akawapa haki, akionyesha mshangao wake kwamba mamlaka ya umma inaweza kuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuendelea kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Kesi ile husomwa hadi leo na wanafunzi wa sheria. Dampo likahama, likahama tena, na sasa taka za jiji huishia Pugu Kinyamwezi, ambako nako watu wanaishi. Wakati huohuo, kila alfajiri, katika mitaa ambayo gari la taka hupita kwa nadra, watu walewale wanaolalamikia dampo hufagia uwanja, hukusanya majani, nailoni na chupa za plastiki, na kuwasha kiberiti. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo kwa miaka mingi, nikiamini kwamba moshi wangu ni mdogo mno kumdhuru mtu.

Mkaa ni mgumu zaidi, kwa sababu ndio unaopika. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na ninauunga mkono, ila naomba lugha yake isigeuke kuwa ya kumsaka mama lishe. Yeye ndiye anayevuta moshi wa jiko lake kabla haujamfikia mwingine. Mtungi wa gesi anaupata. Kinachomshinda ni kuujaza tena kwa fedha za siku moja, wakati mkaa unauzwa kwa kopo.

Najua nitajibiwa kwamba jiji haliwezi kukua bila maghorofa, na nakubali kabisa, kwani kuutandaza mji hadi Chalinze kutakata misitu zaidi na kurefusha safari za magari. Jengo refu lililogeuziwa upepo ubavu mwembamba, likaachiwa nafasi pembeni na kuinuliwa juu ya nguzo chini yake, linaweza kuwa na faida kwa jirani kuliko nyumba tano za chini zilizobanana. Hoja yangu ni kwamba anayetoa kibali hawezi kujua tofauti hiyo kama hana kipimo, na vipimo tulivyo navyo katika mitaa ni vichache mno. Chuo Kikuu cha Makerere, kuanzia 2015, kimetengeneza vifaa vya bei nafuu vya kupima chembechembe hewani, vikafungwa katika sehemu nyingi za Kampala, hata juu ya bodaboda. Vyuo vyetu havikosi vijana wa kufanya hivyo. Shule za sekondari zilizotawanyika kila kata zina uwanja, zina ulinzi, na zina walimu wa jiografia ambao kipimajoto wanakichora ubaoni tu.

Ndugu Mhariri, ombi la mwisho ni kwako. Gazeti lako huchapisha kila siku kiwango cha juu cha joto kilichotabiriwa kwa Dar es Salaam. Naomba, kwa muda wa mwaka mmoja, pembeni ya namba hiyo mchapishe nyingine ndogo: joto la saa 4 usiku katika mtaa mmoja wa Kariakoo, lililosomwa kila siku kwa kipimajoto kilekile, mahali palepale kivulini. Kama hamna mtu wa kukisoma, mimi nina nauli ya mwendokasi kutoka Magomeni, na usiku kwa vyovyote silali.

Wasalaam,

Mchora ramani mstaafu,
Magomeni, Dar es Salaam